UZI: Descendents, bendi ya mtaani iliyomsubiri mwimbaji wake amalize chuo

Besi ya Kawe

Wakuu, poleni na foleni ya jioni.

Kwenye ule uzi wa gemu za zamani kuna mdau aliuliza ile miziki ya fujo ya kwenye gemu ya Tony Hawk ilikuwa ya kina nani. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu enzi za PlayStation ya kwanza wanaikumbuka: unachagua mchezaji, anapanda ubao wa magurudumu, magitaa yanaanza kabla hujakaa sawa, na ukizubaa muda umeisha, dogo wa nyuma anadai pedi. Ya kwanza ilitoka 1999, ya pili 2000. Mimi mziki ule niliusikia pale pale, maana redio za Dar wakati huo zilikuwa na Bongo Fleva, Wakongo na R&B ya Marekani, basi.

Mziki wenyewe unaitwa skeiti panki, yaani roki ya mbio na kelele ya watoto wa ubao. Niliahidi kuuelezea, lakini nikileta orodha ya bendi 20 mtasinzia. Nachukua moja, Descendents. Wengi waliokuja kutajirika na mziki huu miaka ya 1990 walijifunzia kwa hawa. Sababu ya pili ni yangu binafsi. Nimepiga besi kwenye bendi za hapa mjini, za kanisani na za baa, na karibu zote zimekufa kwa ugonjwa mmoja: mtu kapata kazi Dodoma, mtu kaenda chuo, mtu kaoa. Wanaobaki wananuna, mazoezi yanakuwa ya kulazimishana, mwisho kila mtu na hamsini zake. Hawa jamaa yaliwakuta yote hayo na bendi ipo mpaka leo. Nataka muone walifanyaje.

Twende taratibu.

Ukitoka uwanja wa ndege wa Los Angeles ukashuka kusini ukifuata bahari, unapita Manhattan Beach, Hermosa Beach na Redondo Beach, miji midogo mitatu iliyoshikana. Usichanganye na Manhattan ya New York. Huku ni makazi ya pembezoni: nyumba za familia, gereji pembeni, wazazi wengi wakiwa waajiriwa wa viwanda vya ndege. Kwa hapa kwetu chukua Mbezi Beach uichanganye na Kunduchi, juu mageti, chini wavuvi.

Wazo la bendi lilianza 1977 kwa kijana anaitwa Frank Navetta, mpiga gitaa. Akaungana na Bill Stevenson wa drams, ambaye walisoma shule moja ya sekondari, Mira Costa. Kilichowakutanisha hawa wawili si mziki peke yake, ni uvuvi. Si ule wa kupiga picha na samaki, ule wa kuamka alfajiri kweli.

Besi ikashikwa na Tony Lombardo, na hapa ndipo napopapenda. Tony alizaliwa 1945. Alikuwa mtu mzima, ana kazi yake posta, anagawa barua. Yaani watoto wa sekondari wanafanya mazoezi na mtu wa rika la wajomba zao, ambaye kesho asubuhi ana begi la barua begani. Kwetu angeshaambiwa aache utoto.

Mwaka 1979 wakatoa santuri ndogo ya nyimbo mbili, wakiimba wenyewe. Ukiisikiliza leo utadhani ni bendi nyingine. Gitaa zina ule utamu wa mziki wa ufukweni, mwendo wa kawaida, hakuna anayepiga kelele. Fujo bado.

Mwaka 1980 akaingia Milo Aukerman. Naye wa Mira Costa, mwembamba, miwani, mtu wa vitabu, anapenda baiolojia. Alikuwa anakwenda kuwaangalia wakifanya mazoezi mpaka wakampa maiki. Ukimuona huwezi kudhani ni mwimbaji wa bendi ya panki, unaweza kudhani kaja kusoma mita ya maji.

Naenda kula, naendelea baadaye.

Fundi Redio

Mkuu umeanza vizuri, nimeweka kambi hapa. Ila usipotee wiki nzima kama kwenye uzi wa amplifaya.

Shangazi wa Tabata

Mtu wa posta amenifurahisha. Endelea, tupo.

Dogo Mburahati

Swali bro. Ubao wa kuteleza umeingiaje kwenye mziki? Hao wavuvi walikuwa wanateleza?

Besi ya Kawe

Swali zuri dogo, ngoja nilijibu kabla sijarudi kwenye bendi, maana bila hilo jina skeiti panki halieleweki.

Ubao wa magurudumu ulikuwepo California tangu zamani, lakini magurudumu yalikuwa ya chuma na ya udongo mgumu. Ukipita juu ya kokoto moja tu umetangulia na meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamaa anaitwa Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya yurethani, plastiki laini inayoshika lami. Mchezo ukabadilika mara moja. Halafu mwaka 1976 na 1977 California ikapigwa na ukame mkali, mabwawa ya kuogelea ya majumbani yakaachwa makavu. Yale mabwawa yana kuta zilizopinda kama bakuli. Vijana wakaruka uzio mwenye nyumba akiwa kazini, wakafuta maji ya chini kwa ndoo na matambara, wakaanza kupanda kuta na ubao. Staili nyingi mlizokuwa mnabonyeza kwenye pedi zilianzia mle.

Baadaye viwanja vya kulipia vikajengwa, kisha kufikia 1980 vingi vikafungwa kwa sababu gharama za bima hazikubebeka. Mchezo ukarudi barabarani, ngazini, kwenye maegesho ya maduka, na ukawa mchezo wa watoto wanaofukuzwa na walinzi. Sasa panki nayo ilikuwa inafukuzwa kumbi zile zile na polisi wale wale. Jarida la Thrasher likaanza San Francisco Januari 1981, na kuanzia 1983 likawa linatoa kanda za bendi za watelezaji. Kule Phoenix kukawa na JFA, 1981, wanaopiga ndio wanaoteleza. Venice kukawa na Suicidal Tendencies, ambao mwimbaji wao Mike Muir ni mdogo wake Jim Muir, mtelezaji mkubwa wa kundi la Z-Boys.

Na kuna sababu ya kiufundi ambayo watu huwa wanairuka. Mtu kwenye ubao anacheza raundi fupi, labda dakika moja, anaanguka, anaanza tena. Wimbo wa dakika nne wenye solo ndefu unamchelewesha. Wimbo wa dakika moja na nusu unaanza naye na kuisha naye. Video za watelezaji zilipoanza kusambaa, mziki huu ukakaa humo na haukutoka.

Descendents wao hawakuwa wateleza ubao wa kutajika. Watelezaji ndio waliowachukua wakawafanya wao.

Hapa Dar tatizo ni sakafu. Kitaa kikiwa cha mchanga, ubao hausogei hata hatua moja. Ndiyo maana kwetu waliotamba ni wa rola, walioshika lami kubwa, na wengine kazi yao kushika daladala kwa nyuma na kuvutwa. Konda anawatukana, wao wanacheka.

Fundi Redio

Wa rola wa Morogoro Road nawakumbuka. Walikuwa na roho ngumu wale.

Besi ya Kawe

Naendelea.

Kilichowapandisha spidi Descendents ni vitu viwili. Cha kwanza ni majirani. Hermosa Beach palikuwa na Black Flag, walioanza 1976, bendi nzito na yenye hasira. Kuwaelewa hawa inatosha kujua shoo moja. Jumapili tarehe 22 Julai 1979 walipanda jukwaani kwenye bustani ya Polliwog, Manhattan Beach, mchana kweupe, mbele ya familia zilizotandika mablanketi na kufungua vikapu vya chakula. Watu walidhani watapata mziki wa kutuliza mlo. Wakapata Black Flag. Basi vikaanza kuruka matikiti, sandwichi, makopo, kila kilichokuwa kwenye kikapu. Bendi haikushuka. Watoto wa mitaa ile walikulia kwenye habari za namna hiyo.

Cha pili ni kahawa. Hawa watu walikuwa wanakunywa kahawa kali kiasi cha kutisha, mpaka kikombe chao kina jina na nyimbo zake. Ukichanganya kahawa, umri wa miaka 17 na gereji iliyofungwa mlango, unapata santuri yao ya 1981. Nyimbo tano, na mmoja una sekunde 11. Ni mtu anaagiza chakula dirishani kwenye mgahawa, basi, umeisha.

Hapo ndipo walipoachana na wenzao. Panki ya Uingereza ilikuwa inaimba malkia na ukosefu wa ajira, Black Flag wanaimba polisi na kuchanganyikiwa. Hawa wanaimba msosi, baba mkali, msichana aliyemkataa mtu darasani, na kuchekwa kwa sababu ya miwani. Mambo ya chumbani kwa mtoto wa mtaa tulivu ambaye hana vita na serikali, ila moyoni hana amani. Na chini ya kelele zote kuna melodi. Mimi besi ya Lombardo nimehangaika nayo. Hapigi noti moja ya kusindikiza gitaa, anatembea nayo, anaimba na kidole. Ukiinyamazisha gitaa, wimbo bado upo.

Dogo Mburahati

Sekunde 11! MC wetu anakuwa hajamaliza hata kusalimia wamama waliotoa kigodoro 😂

Ila spidi msitutishie wakuu. Singeli inakwenda zaidi ya 200 kwa dakika na kuna watu wanaisogeza karibu na 300. Na sisi hatuna kahawa.

Besi ya Kawe

Dogo umesema kweli, na wala si utani. Ile albamu ya mkusanyiko ya Sisso, ya studio ya Mburahati kwenu, ambayo Nyege Nyege Tapes wa Kampala waliitoa 2017, nimempigia rafiki yangu mmoja anayependa hizi panki za zamani. Aliomba nipunguze.

Fundi Redio

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, msiwasahau wazee wenu. Jagwa Music wana kinanda cha Casio cha kizamani kinachopitishwa kwenye spika kinakwaruza hasa, ngoma, na jamaa anapiga kigoda kwa vijiti kama anakidai. Albamu yao ilitolewa Ubelgiji 2012 na Crammed Discs. Vyombo vibovu, sauti imepasuka, habari za mtaani, watu wazito hawataki kuusikia. Kama hiyo si panki basi mimi sijui panki ni nini.

Besi ya Kawe

Fundi, sina ubishi.

Turudi 1982, mwaka wenyewe.

Juni 1982 wakaingia studio ya Total Access, Redondo Beach, na fundi mitambo anayejulikana kama Spot, yule yule aliyewarekodi Black Flag. Nyimbo 15, dakika kama 22 zote. Tatizo ni kwamba Milo alikuwa anaondoka. Anakwenda chuo kusoma baiolojia, na alishasema.

Sasa bendi za kwetu hapo pangekuwa na kikao, lawama, na wazee wa familia wangeitwa. Hawa wakaiita albamu Milo Goes to College, yaani Milo anakwenda chuo, wakaweka kwenye kava mchoro wa katuni wa Milo mwenyewe: kichwa cha mraba, miwani, shati na tai. Wakaitoa Septemba. Kuondoka kwa mwimbaji kukawa ndiyo jina la bidhaa. Na yule katuni ndiye nembo yao mpaka leo. Ukimuona mtu kavaa fulana yenye jamaa wa miwani iliyotoka kwenye bero la mitumba Karume, kuna uwezekano hata yeye hajui kavaa nani.

Albamu ile haikupigwa redioni, haikuuza sana mwanzoni. Ilisambaa kwa kanda za kurekodiana, mkono kwa mkono, kwenye maegesho ya watoto wa ubao. Nikiisikiliza kitaalamu naona kila kitu kilichokuja kufanywa na bendi za miaka ya 1990 kipo mle tayari: drams za mbio, gitaa iliyobana, sauti ya kijana anayelalamika juu ya melodi tamu.

Kuna nyimbo mle sizitetei. Kuna maneno ya kudhalilisha watu ambayo leo yanakukunja uso.

Shangazi wa Tabata

Nashukuru umelisema mwenyewe, maana nimeisikiliza leo kwenye daladala nikitoka kazini na nilikuwa nakuja na fimbo. Vijana waliokataliwa na wasichana wana tabia ya kuandika nyimbo 15 badala ya kujiuliza kwa nini wamekataliwa. Bongo Fleva nayo imejaa hao hao. Lakini besi kweli inatembea, hilo nakubali.

Besi ya Kawe

😂 Shangazi sina la kujibu.

Baada ya Milo kuondoka, bendi ilipukutika. Navetta alichoshwa na mziki kabisa. Alichoma moto vifaa vyake, akahamia Oregon, akawa mvuvi. Hakuuza, alichoma. Stevenson akaenda kupiga drams Black Flag, ziara juu ya ziara. Lombardo akabaki na barua zake.

Mwaka 1985 Milo akarudi katikati ya masomo wakatoa albamu ya pili. Ray Cooper akachukua gitaa. Sasa Stevenson alikuwa ameshaonja maisha ya ziara na alitaka bendi isafiri kwa gari miezi mingi. Lombardo akasema hapana. Ana kazi, ana mshahara, hawezi kulala kwenye gari na watoto. Akatoka, Doug Carrion akaingia kwenye besi. Hakukuwa na kufukuzana.

Mwaka 1987 Milo akaondoka tena, safari hii kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Na hapa ndipo akili ya Stevenson inaponishangaza. Angeweza kutafuta mwimbaji mwingine akaendelea na jina la Descendents, jina lilikuwa limeshaanza kujulikana. Hakufanya hivyo. Yeye, mpiga gitaa Stephen Egerton na mpiga besi Karl Alvarez, wote wawili vijana wa Salt Lake City waliokuwa wamejiunga muda si mrefu, wakachukua mwimbaji mpya na kujiita ALL. Bendi ile ile, vyombo vile vile, jina jingine. Jina la Descendents likawekwa kabatini likimsubiri mwenyewe.

Miaka tisa. ALL walipitisha waimbaji watatu, Dave Smalley, Scott Reynolds na Chad Price. Walihama California wakaenda kuishi Brookfield, mji mdogo sana Missouri, kisha 1994 wakafika Fort Collins, Colorado, wakajenga studio inayoitwa The Blasting Room. Rise Against na wengine wengi wamerekodi pale. Kwa maneno mengine, Stevenson naye akapata kazi ya kueleweka.

Huku nyuma dunia ilibadilika. Mwaka 1994 bendi ya The Offspring, vijana wa pembezoni wa California vile vile, wakatoa albamu kwa lebo ndogo ya Epitaph ikauza nakala zaidi ya milioni 10. Kila mtoto wa ubao akawa na bendi na kila lebo ikawa inatafuta. Na walimu wenyewe wapo Colorado wanarekodi watu.

Milo alikuwa amepata uzamivu, amefanya utafiti Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1996 akawaambia yuko tayari. Wakafungua kabati, wakatoa jina, wakarekodi na Epitaph. Kisha Milo akarudi maabara! Aliajiriwa DuPont, Delaware, mtafiti wa mimea. Albamu nyingine 2004, nyingine 2016. Bendi gani inakaa miaka 12 kati ya albamu na mashabiki bado wapo? Mwaka huo wa 2016 ndipo alipoachana na maabara akaamua mziki uwe kazi ya kila siku, na wakati huo umri wake umeshavuka 50.

Mzee wa Dansi

Kijana, habari yako nzuri na nimeisoma yote, lakini unaandika kama vile wanamuziki kuwa na ajira ni jambo lililogunduliwa Marekani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 hapa Dar es Salaam chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Mshahara mwisho wa mwezi, vyombo mali ya chama. Chama kilipobadilika na jina la bendi likabadilika: NUTA, JUWATA, OTTU, leo Msondo Ngoma. Piga hesabu mwenyewe tangu 1964. Hao wenzako, ukimtoa yule wa posta, bado walikuwa hawajaanza shule.

Besi ya Kawe

Shikamoo mzee wangu. Msondo nawaheshimu, na nimejifunza besi kwa kuwakopi. Lakini mzee, ule mfumo ndio uliofanya vyombo visiwe vya wapigaji. Aliyekuwa na vyombo bora na mshahara mnono alivuta watu. Mwaka 1985 si ndipo wanamuziki wa Mlimani Park, marehemu Gurumo akiwemo, walipohamia Safari Sound kwa mkupuo? Hawa wa California hakuna aliyeweza kuwanunua, kwa sababu hakukuwa na cha kununua zaidi ya gereji.

Mzee wa Dansi

Marahaba. Walihama, ndiyo. Mlimani ilikufa? Haikufa. Waliingia wengine, mziki ukaendelea, watu wakaendelea kujaa. Na Gurumo mwenyewe alikuja kurudi Msondo akapiga mpaka uzee. Bendi ya dansi ilikuwa kubwa kuliko mtu. Watu 12 au 15 jukwaani, akiugua mmoja shoo ipo. Hao wako wanne, mmoja akienda shule inabidi jina lifungiwe kabatini miaka tisa. Wewe unaona ni hekima, mimi naona ni uhaba wa watu.

Fundi Redio

Mzee amepiga penyewe 😂

Dogo Mburahati

Nimecheka peke yangu kwenye bodaboda.

Besi ya Kawe

Mzee, nakubali kwamba bendi ya dansi ilijengwa ibaki hata watu wakiondoka. Lakini mimi sina chama cha wafanyakazi nyuma yangu, wala kijana yeyote anayeanza leo Kinyerezi au Goba hana. Anao wenzake watatu na amplifaya moja ya kuazima. Kwa huyo, habari ya Milo ina msaada zaidi kuliko ya NUTA. Akipata nafasi ya chuo Mbeya, wenzake wasimchukie. Wabadilishe jina, wapige kava kwenye harusi, wamsubiri likizo.

Shangazi wa Tabata

Na aliyebaki akioa pia msimchukie. Mume wangu aliacha gitaa kwa sababu wenzake walimsusia harusi. Harusi nzima! Leo wanakutana msibani wanaulizana kwa nini bendi ilikufa.

Besi ya Kawe

Shangazi hiyo peke yake ni uzi.

Namalizia na kipande cha mwisho, ambacho wengi hawakijui.

Mwaka 2002, wakati Descendents wa kisasa wanajiandaa na albamu ya 2004, wale wa mwanzo walikutana Fort Collins: Navetta kutoka kwenye uvuvi wake, Lombardo, na Stevenson. Wakarekodi vyombo vya nyimbo za miaka ya 1977 hadi 1980, zile za kabla na mara tu baada ya Milo kuingia, ambazo nyingi hazikuwahi kutolewa. Gitaa, besi, drams. Sauti wakaiacha kwanza. Wakaweka akiba.

Tarehe 31 Oktoba 2008 Navetta akafariki, akiwa na miaka 46. Stevenson naye 2010 akafanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, akapona akarudi kwenye drams. Zile kanda bado zipo.

Mwaka 2020 dunia ikajifungia na korona, ziara zikasimama. Milo akaingiza sauti juu ya vyombo vile. Albamu ikatoka Julai 2021 kwa jina la 9th & Walnut, yaani kona ya barabara kule Long Beach walikokuwa wanafanyia mazoezi enzi hizo. Nyimbo za vijana wa sekondari, gitaa ya marehemu, besi ya mzee wa posta, na sauti ya mwanasayansi wa miaka 57. Mimi nikiisikia ile besi huwa narudisha nyuma kipande kile kile, maana Tony alikuwa na miaka 57 pia siku aliyoirekodi, na kidole hakijachoka hata kidogo.

Fundi Redio

Kwa hiyo gitaa iliyochomwa moto ilikuja kununuliwa nyingine?

Besi ya Kawe

Au aliazima. Siku ya kurekodi gitaa haikosekani, hasa ukiwa studio ni ya mpiga drams wako.

Kwa wanaotaka kusikiliza: msianze na ile ya sekunde 11, mtaona utani. Anzeni na albamu ya 1982 yote, dakika 22, inaisha kabla hujatoka Mwenge kufika Makumbusho kwenye foleni. Halafu rukeni 1996 msikie sauti iliyokomaa. Halafu 9th & Walnut. Waliobaki na hamu waende kwa Bad Religion, walioanza 1980 upande wa bonde la San Fernando, ambako nako mwimbaji Greg Graffin ana uzamivu wa Cornell. Sijui kulikuwa na nini kwenye maji ya California. Huo nitauandikia uzi wake.

Dogo Mburahati

Nimemaliza ya 1982. Wimbo wa tatu nimejaribu kuuwekea biti ya singeli kwenye kompyuta, umekubali bila kuongeza spidi sana. Nikimaliza naweka hapa.

Mzee wa Dansi

Weka na besi isikike. Siku hizi mnaifukia.

Shangazi wa Tabata

Swali langu moja tu bado. Yule wa posta, kiinua mgongo chake alikula vizuri?